Kulungu Alivyosimama

Jumamosi, 13 Septemba

Msimu wa kuwinda kwa upinde umefunguliwa leo, na joto lenyewe ni la kuozesha nyama kabla hujaichuna. Hata hivyo Baba alituita jikoni kwake kabla jua halijachomoza, kama kila mwaka, akatugawia mishale. Huitengeneza mwenyewe wakati wote wa kiangazi, ya familia nzima, manyoya mawili ya rangi ya machungwa na moja jeupe. Ukiokota mshale wa namna hiyo popote katika mabonde haya, unajua umetoka kwa Baba, Orville Tollefson.

Baada ya mishale yakaja mahubiri. Nayajua kwa moyo kuliko yale ya kanisani.

"Kulungu akikupa ubavu, ngoja mguu wa mbele utangulie, ndipo upige. Akikuacha mshazari, kichwa kikielekea mbali nawe, huyo ndiye wako. Mshale unaingia nyuma ya mbavu unakwenda kulitafuta bega la upande wa pili, njiani unapita mapafu yote mawili. Hafiki mbali. Lakini akikuelekea, hata mshazari kidogo tu, mwache. Mbele kuna mfupa, na nyuma ya mfupa kuna tumbo. Utamtesa siku tatu."

"Na akinipa kisogo, mzee?" akauliza Duane, mume wa mdogo wangu Janelle.

"Mpungie mkono."

Tulicheka wote. Duane alikuwa amechelewa, kama kawaida yake, na amenirudishia msumeno wangu wa injini baada ya mwaka mzima. Msumeno umerudi, mnyororo wake haukurudi. Shemeji yangu huyu ana maneno ya kujaza ghala na mikono isiyorudisha kitu.


Ijumaa, 19 Septemba

Mvua. Kiwandani jibini limetoka na chumvi nyingi, msimamizi kanuna kutwa. Hakuna aliyepiga simu.


Jumapili, 28 Septemba

Simu ya kwanza ya msimu. Mwenye duka la matairi kule Nordby alipiga kulungu jana jioni, akapoteza njia ya damu, akanitaka mimi na Fritzi. Fritzi ni mbwa wangu, miguu mifupi, tumbo karibu liburute, lakini mpe tone moja la damu lililolala usiku kucha kwenye majani atalifuata mpaka mwisho wake.

"Alisimamaje?" nikamuuliza yule bwana. Huwauliza wote.

"Ubavu, Lorna. Ubavu kabisa, kama picha ya kalenda."

Wote husema ubavu. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijampata mtu wa kuniambia, mama, alikuwa ananielekea na mimi tamaa ikanishinda. Tulimkuta katikati ya mahindi, akiwa amekufa kwa shida, tumbo limepasuka ndani. Tundu la kuingilia lilikuwa mbele ya bega, la kutokea karibu na paja. Mimi huchukua kijiti nikayaunganisha matundu mawili, na kijiti kinaniambia kulungu alivyosimama na mpigaji alivyokaa, juu au chini. Huyu alikuwa anamtazama yule bwana usoni. Nilimwonyesha kijiti, akaangalia viatu vyake.

"Nyama ya nyuma itafaa," nikamwambia. Kumtukana kungenisaidia nini.


Jumamosi, 4 Oktoba

Leland Sebranek amekuja kwangu kabla sijanywa kahawa. Leland ni jirani wa Baba. Mahindi yake na msitu wetu vinatenganishwa na waya tu. Hakushuka kwenye pikapu. Alifungua dirisha akanitupia mshale uliokatika katikati, manyoya mawili ya rangi ya machungwa, moja jeupe.

"Jike," akasema. "Alikuwa anajikokota kwenye mahindi yangu tangu juzi. Mshale umekwama begani, mbele, mguu unaning'inia. Ng'ombe wangu walikuwa wanamkwepa, Lorna. Nimempigia simu askari wa wanyamapori, akaniruhusu, nikammaliza kwa bunduki."

"Pole, Leland."

"Pole mwambie jike. Mimi nataka kujua ni nani kwenu anayepiga kulungu anayemwelekea. Na mpaka nijue, hakuna Tollefson atakayevuka waya wangu, hata wewe na mbwa wako."

Amekasirika, na ana haki. Mwezi ujao madume watakuwa wanakimbia kila upande, wengi wao wataangukia kwake, na bila ruhusa yake wataoza palepale.


Jumapili, 5 Oktoba

Tulikaa jikoni kwa Baba baada ya ibada. Mshale ulikuwa mezani, kati ya jibini na soseji, na hakuna aliyekula.

Tunaowinda msitu ule ni watatu. Mimi sijavuta upinde mwaka huu, bega langu bovu. Wamebaki wawili.

"Mimi sijaachia mshale tangu msimu uanze," akasema Baba. Alisema akiwa anamimina kahawa.

Duane akatutazama mmoja mmoja. "Basi mnanitazama mimi."

"Hakuna aliyesema," nikamjibu.

"Hamjasema, lakini nimesikia. Mzee, naapa, huyo jike sikumpiga. Nimekaa juu kule kwangu wiki mbili, sijaona hata mkia."

"Ulimwona ubavu, nadhani," nikasema.

Lilikuwa la kumchoma, na lilimchoma. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Janelle akanikanyaga mguu chini ya meza. Baba akaweka birika chini, akasema taratibu, "Duane, mwaka huu pumzika. Kilingo chako kule juu ya mwaloni kiache. Usikanyage msitu wangu mpaka nikuite."

Duane aliinuka, akachukua kofia yake. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nilifikiri, mwizi wa mnyororo amepata dawa yake.


Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempelekea Leland kipande cha jibini la zamani na habari kwamba Duane kafukuzwa. Jibini kachukua. Ruhusa ya kuvuka waya karudisha kwangu na kwa Baba tu.


Jumanne, 14 Oktoba

Baridi imeshuka. Mialoni imekuwa myekundu. Baba amegonga sanduku la barua kwa pikapu yake, amesema jua lilimpiga usoni. Kulikuwa na mawingu.


Ijumaa, 17 Oktoba

Simu mbili, kulungu mmoja. Ubavu, ubavu.


Jumatano, 22 Oktoba

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Leo sikuitwa na mtu. Nilimpeleka Fritzi kutembea tu, bonde la nyuma ya msitu wa Baba, apate harufu mpya. Akavuta kamba ghafla, pua chini, akanishusha mpaka kwenye kijito. Palikuwa na dume mdogo, pembe zake hazijafika urefu wa kiganja. Mbweha walikuwa wameanza kumla nyuma, lakini kifua kilikuwa kizima. Hakuwa ametimiza siku mbili tangu afe. Mshale haukuwepo, ulipita ukaanguka mahali, ila unyoya mmoja wa rangi ya machungwa ulikuwa umegandia kwenye damu ya ubavuni.

Wazo langu la kwanza lilikuwa Duane. Anaingia kwa kuiba, nikasema, na nilikwisha kutoa simu nimpigie Baba. Halafu mkono wenyewe, kwa mazoea tu, ukaokota kijiti.

Duane hukaa juu. Hupanda mwaloni kama kindi, kilingo chake kiko mahali ambapo mimi hata kutazama chini sipendi. Mshale wake, kulungu asimame vyovyote, lazima uingie juu utokee chini. Ni jambo lisilo na ubishi, ni mtu na urefu aliokaa. Nimemchunia Duane kulungu wengi, wote tundu la kutokea liko karibu na kifua chini.

Kijiti changu kililala sawasawa. Tundu la kuingilia mbele ya bega, la kutokea kwenye mbavu za mwisho, na yote mawili kimo kimoja. Aliyempiga alikuwa ameketi chini. Na mtu anayewinda chini katika msitu ule ni mmoja. Tangu magoti yake yaharibike, Baba amejijengea kibanda cha mbao juu ya ardhi, kando ya kijito hichohicho, na kiti cha jikoni ndani yake.

Nilikaa juu ya jiwe. Fritzi akaja akaniegemea. Sikulia, nilikuwa na hasira, na sikujua hasira ni ya nani. Yeye aliyenifundisha nikiwa mtoto kwamba akikuelekea mwache, yeye aliyesema mbele ya mishale na Biblia kwamba hajaachia. Nyani haoni kundule.

Jioni Janelle alipiga simu, nikamwambia nimekuta dume amekufa bondeni kwa mshale wetu. "Umemwangalia vizuri?" akauliza. Nikasema mbweha walikuwa wamemla. Ni kweli, walikuwa wamemla.


Ijumaa, 24 Oktoba

Leland amesikia. Anasema shemeji yangu ni mwizi wa msitu, na atamwita askari akimwona. Sikusema kitu.


Jumamosi, 25 Oktoba

Nilimwendea Baba jioni, jua likikaribia mialoni, saa ambayo watu huwinda. Ana kulungu wa sponji uani, wa kufanyia shabaha, ametobolewa mpaka anafanana na jibini la dukani. Nikambeba mpaka umbali uleule wa kutoka kibandani hadi kijitoni.

"Unafanya nini na mnyama wangu?" akauliza kutoka barazani.

"Kaa kitini, Baba. Mimi nitamgeuza, wewe uniambie amesimamaje."

"Nina miaka sabini na minne. Sichezi michezo ya watoto."

"Basi nifurahishe mimi."

Akakaa. Nikamweka kulungu ubavu.

"Ubavu," akasema. "Umefurahi?"

Nikamgeuza mshazari, kifua kikimwelekea, kile kisimamo cha kwanza kabisa alichotukataza. Nikarudi nyuma hatua chache.

Alichelewa. Akainamisha kichwa upande, akakirudisha. "Ubavu."

Nikamgeuza tena, uso kwa uso, pembe za plastiki zikimwelekea moja kwa moja. Hata mtoto angeona. Upepo ulikuwa umekufa. Baba alikaza macho, akainua mkono kujikinga na jua ambalo halikuwa upande wake.

"Ubavu," akasema, sauti chini sana.

"Baba, anakutazama."

Nilimwacha kulungu palepale nikaenda kukaa naye barazani. Mikono yake ilikuwa magotini. Nilipomtazama kwa karibu niliona jicho la kulia linanipita kidogo, linatazama sikio langu.

"Tangu lini?"

"Tangu theluji iyeyuke. Kuna doa katikati, macho yote mawili, la kulia zaidi. Pembeni naona vizuri. Katikati kuna doa, na kila ninachokitaka nikitazame kinaingia humo." Akapumua. "Daktari wa macho amesema halitapona."

"Na jike wa Leland?"

"Niliona ubavu, Lorna. Naapa kwa kaburi la mama yako, niliona ubavu."

"Na yule wa kijitoni?"

Akatikisa kichwa. Hakujua hata kwamba amempata. Alidhani amekosa.

"Na Duane?" nikauliza. "Umemfukuza Duane."

Hapo ndipo aliponishangaza. Hakuona haya. "Duane ana misimu thelathini mbele yake. Mimi nina huu. Nikisema nimepiga vibaya, kesho mtaniondoa kibandani, keshokutwa funguo za pikapu, baadaye nitakaa dirishani kama yule kikongwe Alma Rud nikihesabu magari ya watu. Yeye kukosa msimu mmoja kutamwua?"

"Mwambie."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, mbele ya wote, mezani. Mwaka utakuwa umekwisha, na upinde nitaushusha ukutani mwenyewe. Niachie niende nikakae tu kibandani wiki hizi za madume kukimbiza majike. Sitabeba mishale. Nikae tu, mwanangu."

Nikakubali. Naandika hapa kama ilivyo. Nilikubali kwa sababu nilimhurumia, na kwa sababu Duane sikumhurumia. Mishale yote niliibeba kwenye gari langu.


Jumamosi, 1 Novemba

Theluji nyepesi, imeyeyuka kabla ya mchana. Madume wameanza kukimbia. Kila mtu mjini macho mekundu kwa kuamka mapema, isipokuwa Duane, ambaye Janelle anasema halali kabisa.


Jumanne, 4 Novemba

Nilimkuta Duane kituo cha mafuta. Nyuma ya pikapu yake alikuwa na kilingo cha kubebeka, kile cha vipande viwili unachopanda nacho mtini ukijisukuma kwa mikono na miguu.

"Unakwenda wapi na dude hilo?"

"Ardhi ya umma, kule mtoni. Huko hakuna mkwe wa kunifukuza." Alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. "Huko huruhusiwi kuacha kitu mtini. Kila asubuhi napanda nacho gizani, kila jioni nashuka nacho. Nimekonda, angalia."

"Umewahi kukitumia?"

"Najifunza." Akaning'inia kidogo kwenye mlango wa gari langu, kama mtu anayesubiri kitu. "Lorna, yule dume wa bondeni. Janelle ameniambia ulimkuta wewe."

"Nilimkuta."

"Ahaa," akasema. Akangoja tena. Pampu ilikuwa inalia. Nikamwambia nimechelewa zamu, nikaondoka. Zamu yangu ilikuwa bado.


Ijumaa, 7 Novemba

Samaki wa Ijumaa kwenye klabu, mji mzima humo, moshi wa mafuta na viazi. Duane na Janelle walikaa meza ya karibu na baa, mimi na Baba ya dirishani. Mwenye duka la matairi, yuleyule wa kijiti, akapaza sauti:

"Duane! Huyo samaki wako amesimamaje?"

"Anamwelekea!" akadakia mwingine. "Duane hupiga wanaomwelekea tu!"

"Mwacheni ale, asije akavijeruhi viazi!"

Klabu nzima ikalipuka. Duane naye akacheka, akainua uma wake kama anawasalimu. Lakini macho yake hayakuwa kwao, wala hayakuwa kwa Baba. Alikuwa ananitazama mimi. Baba aliendelea kutoa miiba, taratibu, kwa vidole, maana miiba haioni. Mimi nilikula viazi vyangu. Nilivimaliza vyote, na sikumbuki ladha yake.

Njiani nikamwambia Baba, "Umesikia?"

"Watu wana mdomo."

"Mwambie kesho."

"Tulisema Shukrani."

Nilitaka kugeuza gari nirudi klabuni nikaseme mwenyewe. Nilipunguza hata mwendo. Halafu nikamwona Baba kwenye mwanga wa dashibodi, kofia magotini, mdogo kuliko nilivyomzoea, nikaendelea kuendesha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mzee naye ni vivyo hivyo.


Jumapili, 9 Novemba

Janelle alipiga simu tukitoka kanisani. Hakusema habari ndefu. Alisema, "Dada, Duane ameanguka," kisha simu ikachukuliwa na mtu mwingine.

Naandika niliyoyajua mpaka sasa. Asubuhi kulikuwa na barafu kwenye magome. Duane alipanda gizani kwenye mti wa umma asioujua. Alipofika kwenye tawi ilibidi afungue kamba ya usalama aivushe juu ya tawi aifunge tena, na katika nafasi hiyo ndogo kipande cha chini cha kilingo kikateleza. Alianguka chali juu ya gogo. Mwindaji mmoja kutoka Illinois alisikia mtu anaita, akadhani ni bundi kwanza. Ilikuwa mchana walipomtoa porini.

Kwenye mwaloni wetu ana ngazi ya chuma iliyofungwa, na kamba moja inayotoka ardhini mpaka juu. Asingefungua kitu.


Jumatatu, 10 Novemba

Uti wa mgongo. Wamempasua saa nyingi. Chini ya kiuno hasikii. Daktari alisema "kwa sasa", na Janelle ameshika hilo "kwa sasa" kwa mikono miwili, analirudia kwa kila anayeingia.

Baba alikaa kwenye korido, kofia mkononi. Hakuingia chumbani.

"Siku zote nawaambia wajifunge kamba," akasema.

"Alikuwa na kamba, Baba."

"Ndiyo, lakini."

"Alikuwa mtoni kwa sababu ulimfukuza. Nami nilinyamaza."

Akainua uso, na jicho lile likanitafuta likanikosa. "Usiseme hapa," akanong'ona. "Si hapa, Lorna. Mtoto wa watu ana maumivu, tumwongezee?" Nikamchukia kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na palepale nikaona kwamba maneno hayo hasa ndiyo niliyokuwa nimejiambia mimi tangu jana.


Alhamisi, 13 Novemba

Kazini. Hospitali. Fritzi hataki kula.


Jumanne, 18 Novemba

Leland amechemsha supu ya maharage akampelekea Janelle. Aliniambia, "Nilimtukana sana yule kijana. Kosa lake ni kosa, lakini hili halikumstahili." Nilimshukuru kwa supu. Kosa lisilo lake nililiacha libaki juu yake vilevile.


Jumamosi, 22 Novemba

Msimu wa bunduki. Tangu alfajiri milio inatoka kila bonde, watu wote wamevaa rangi ya machungwa, mji hauna mwanamume. Chumba cha Duane kiko ghorofa ya nne na hata huko milio inasikika kwa mbali. Janelle anasema kila mlio ukisikika Duane hufumba macho.

Nilimpelekea magazeti. Nilikusudia kusema, lakini muuguzi alikuwepo, halafu mama yake Duane, halafu mchungaji. Nilishukuru kwa kila mmoja wao alivyoingia.


Alhamisi, 27 Novemba. Shukrani

Nilioka bata mzinga, nikamkatakata, nikapanga kwenye vyombo vya kubebea na viazi na pai ya maboga. Nikamchukua Baba. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kanisani. Nilijua ni leo, naye alijua ni leo, maana alikuwa ameipanga mwenyewe.

Kwenye maegesho ya hospitali akasema, "Tangulia. Nakuja."

"Baba."

"Nakuja, nimesema. Acha nipate pumzi."

Niliacha injini ikiwaka ili asipate baridi. Nikapanda. Janelle alikuwa ameshuka kununua kahawa, Duane yuko peke yake, kitanda kimeinuliwa kidogo, ndevu zimeota. Mwili wake wa juu ni uleule na maneno yake ni yaleyale, lakini blanketi kutoka kiunoni limelala kama halina mtu.

"Ee, shemeji! Umeniletea ndege! Amesimamaje?"

Nilicheka, na kucheka kukanivunja. Nikaweka vyombo juu ya meza. Nikaenda dirishani. Kule chini gari langu lilikuwa linatoa moshi mweupe, mlango umefungwa. Nikangoja mpaka nikaona dhahiri kwamba hautafunguka.

Nikavuta kiti.

"Duane, yule jike wa Leland si wako. Wala yule dume wa kijitoni. Ni Baba. Haoni tena, jicho la kulia limekufa. Alikiri kwangu mwezi uliopita, na nikakubali kunyamaza."

Alitazama dari. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nadhani niliyatamani.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Wanaowinda na mishale ile mwaka huu ni watu wawili, Lorna, na mimi sikupiga. Hesabu hiyo inahitaji shule?" Akajaribu kusogea, uso ukakunjamana, akaacha. "Mzee sikumtegemea. Mzee anaogopa dirisha la Alma Rud, wote tunalijua. Lakini Janelle aliponiambia umemkuta yule dume, nilifurahi mpaka nikaimba jikoni. Muulize. Nikasema basi, limekwisha. Lorna akishaokota kijiti chake hakuna mtu anayeweza kumdanganya, ataona kwamba alipigwa na mtu aliyeketi chini. Atanipigia simu usiku huohuo."

Sikuweza kumtazama.

"Nikakaa na simu mezani," akasema. "Ukanikuta kituo cha mafuta, nikafikiri ni sasa. Klabuni nikafikiri ni sasa. Sikuwa namngoja baba yako. Nilikuwa nakungoja wewe."

Hakusema kwa hasira, alisema kama anavyosema mtu aliyechoka kungoja. Nilimshika mkono, akauacha niushike, lakini vidole vyake havikunishika mimi.

Janelle akaingia na kahawa tatu. Akatutazama. "Kuna nini? Baba yuko wapi?"

"Hakuna kitu," Duane akamjibu. "Mambo ya kulungu."

Alikuwa ameniachia mlango wazi, nipite tena bila kusema. Nikachukua zile kahawa mikononi mwa mdogo wangu, nikaziweka dirishani. Nikamwambia afunge mlango akae chini, kisha nikaanza kumweleza kulungu yule alivyosimama.